Jibu: Kisu cha Waainu, mbona bapa lake halina nakshi?

Habari mkuu, nimeona umekwama na kile kisu ulichonunua, unauliza kama ni makiri kweli, yaani kisu cha jadi cha Waainu, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani, wakati bapa ni la kawaida tu halina nakshi yoyote. Hilo lisikutie wasiwasi, Waainu wa kisiwa cha Hokkaido chuma walikuwa wanakipata zaidi kwa kubadilishana bidhaa na Wajapani, ufundi wao wenyewe uko kwenye mpini na ala. Kwa hiyo anza na ala, isogeze kwenye mwanga uangalie kama kuna mizunguko ya moreu, miiba ya aiushi na vile vigamba vidogovidogo kama vya samaki ambavyo wachongaji wa kijiji cha Nibutani kule Hokkaido wanasifika navyo. Mimi huwa natafuta alama za mkono, nakshi ya mashine inakuwa sawasawa mno. Ila kwa picha peke yake usikubali mtu akutajie umri wake.

Na usiione kama pambo tu aisee, kijana alikuwa anamchongea makiri binti anayempenda, binti akiipokea na kuitumia ndio kakubali, maana uchongaji ule ulionyesha mwanaume ataweza kulisha nyumba. Linganisha pia na za makumbusho ya Upopoy kule Shiraoi, yalifunguliwa 2020.