Dauerschlaf ni nini?

Umeuliza Dauerschlaf maana yake nini. Ni Kijerumani: "Dauer" ni kuendelea kwa muda, "Schlaf" ni usingizi. Kwa madaktari wa akili ilikuwa tiba ya kumlaza mgonjwa kwa dawa siku kadhaa mfululizo.

Anayetajwa sana ni Jakob Klaesi, daktari wa akili wa hospitali ya Burghölzli, Zurich, Uswisi, mwaka 1920. Alitumia Somnifen, dawa ya jamii ya babitureti (dawa kali za usingizi), kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apotewe na uhalisia. Yeye mwenyewe aliita Dauernarkose, yaani nusukaputi ya muda mrefu. Shabaha yake ilikuwa kuwatuliza ili waweze kuzungumza na daktari, si usingizi wenyewe uwaponye. Kati ya wagonjwa 26 wa mwanzo, 3 walifariki. Hapo mimi ningefunga daftari, lakini tiba ilisambaa!

Usidhani walilala fofofo wiki nzima. Waliamshwa nusunusu, wakalishwa, wakapelekwa msalani, wakarudishwa kitandani. Hatari ilikuwa kulala chali bila kujigeuza: nimonia, damu kuganda miguuni, pumzi kufifia. Siku hizi neno hilo utalikuta zaidi kwenye vitabu vya historia ya tiba.