Nimefunga, nimekesha, mbona Mungu yuko kimya?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama lishe, naishi Mbagala. Mwaka jana mume wangu alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Nafunga, kila Ijumaa niko kwenye mkesha, hali ni ileile. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema nyumbani kwetu kuna dhambi iliyofichwa, na kwamba kumeza vidonge vya presha ni kukosa imani. Anataka tuviache, nami nitoe mtaji wangu wote kama sadaka ya kujimaliza. Juzi nilipiga magoti nikakosa hata neno moja. Je, imani yangu imekufa? – Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na vidonge, maana hilo halingoji. Baba asiache dawa hata siku moja mpaka daktari wake aseme. Aliyekwisha kupata kiharusi, presha ikipanda tena, cha pili kinaweza kumwondoa. Anayekwambia dawa ni kukosa imani, mpe asome Wafalme wa Pili, sura ya 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akaomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15. Kisha nabii Isaya, yuleyule aliyeleta ahadi hiyo, akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi yamekwisha kujibiwa, na dawa bado inapakwa!

Mtaji usiutoe. Ndio unga, ndio nauli ya kliniki, ndio hivyo vidonge. Paulo aliwaandikia Wakorintho kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima, na wewe umetishwa. Habari ya dhambi iliyofichwa iache pia. Wanafunzi walimuuliza Yesu nani alitenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake, akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Hilo la kukosa neno ndilo lililonigusa zaidi. Aliyefiwa na imani hapigi magoti, mwanangu. Zaburi ya 88 ni sala ya mtu aliyemlilia Mungu mchana na usiku, na inaishia gizani, bila mstari hata mmoja wa faraja mwishoni. Bado imo ndani ya Biblia. Naamini imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe, wasije wakadhani sala isiyofika kwenye haleluya haijafika mbinguni. Mwambie Mungu umechoka. Kama una hasira naye, mwambie hivyohivyo. Na maneno yakigoma, kaa hapohapo sakafuni: Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Ila kuna jambo linanisumbua. Alfajiri unawasha mkaa, mchana unauza, jioni unauguza, Ijumaa unakesha, na katika barua yako yote sioni mkono wa mtu mwingine. Soma Marko 2. Yule aliyepooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, wakamshusha. Yesu alipoona imani ya wale waliombeba, akamwambia mgonjwa amesamehewa. Wao walikuwa wanne. Wewe unabeba peke yako, halafu unashangaa kwamba magoti yanatetemeka.

Hapa Dar tunaoneana haya kuomba msaada mpaka turubai lifungwe na daftari la michango lianze kuzunguka. Usingoje msiba. Jumapili hii mwone mwenyekiti wa jumuiya yako, umweleze yote, hata habari za yule kiongozi. Omba wababa wawili wapokezane kumfanyisha Baba mazoezi aliyofundishwa hospitali, na mama mmoja akushikie biashara siku ya kliniki. Kama atatembea tena siwezi kukuahidi, lakini mazoezi yasikatike.

Na Ijumaa hii usiende mkeshani. Sali kifupi na mumeo, mshikane mikono, kisha ulale mpaka asubuhi.