Mgongo unauma, mawazo nayo yanauchochea

SWALI: Dokta shikamoo. Mgongo unanisumbua mwezi wa nane sasa, nimepima mpaka emaarai (MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili) wanasema hamna tatizo kubwa. Usiku silali, nawaza ntapooza, ntaachishwa kazi, wanangu atawalea nani. Mume wangu ananiambia "unawaza sana ndo maana unaumwa". Kwani mimi najitungia?

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana. Hujitungii, maumivu yako ni ya kweli. Mumeo kagusa nusu ya ukweli ila kausema vibaya. Maumivu hayatoki mgongoni yakafika kichwani vilevile yalivyo, kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, watafiti wa maumivu Melzack na Wall walilielezea toka 1965, na ubongo unaweza kulibana au kuliachia. Sasa ukiwa na hofu ubongo unajua hapa pana hatari, unaliachia geti, maumivu madogo yanafika makubwa. Halafu hofu hiyohiyo inakukalisha chini, huinami, hutembei, misuli inalegea, siku ukiinuka panauma kwelikweli, unasema si nilijua!

Toka 1995 kuna maswali 13 ya kupima mawazo ya hivi, yanaangalia kama mtu anayawaza maumivu muda wote, anayakuza, na anajiona hana la kufanya. Barua yako ina yote matatu, na hilo la mwisho ndo limenigusa zaidi.

Sikwambii "waza mazuri", maneno hayo hayamsaidii mtu anayeumwa. Wazo la kupooza likija usiku liandike, pembeni yake andika vipimo vilisema nini. Asubuhi tembea dakika 5 tu hata kama panauma kidogo, kesho tena 5, ukizoea ongeza, maana ubongo unataka kuona mwili umetembea na haujaumia, kuuambia tu hautoshi. Ukipata mwanasaikolojia anayejua maumivu sugu nenda, haimaanishi umechanganyikiwa.

Ila ukihisi ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, au miguu ikaishiwa nguvu, usisubiri, wahi hospitali sikuhiyohiyo.

Na mumeo msomee hili jibu. Akikuona umejikunja asikwambie unawaza sana, akushike mkono mtoke mkatembee hizo dakika 5 pamoja.