Rili ghali, dole gumba na uzi unaokorogana: maswali na majibu

Safari hii barua karibu zote zinahusu beitikasta, ile rili (kifaa cha kukunjia uzi wa kuvulia) inayokaa mgongoni mwa fimbo na ambayo spuli yake, pipa dogo linalobeba uzi, huzunguka unaporusha chambo. Wanaouliza si wanagenzi. Wengine wameshatoa fedha nyingi, wengine wako mbioni kutoa, na wanataka kujua fedha hiyo inanunua nini hasa. Maswali nimeyafupisha. Majibu, si kila mara.

Shikamoo mzee. Nimeacha rili ya bei poa nikachukua ya bei kali, lakini uzi unakorogana vilevile. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Marahaba. Hapana, mbuzi wako mzima kabisa. Uzi hukorogana kwa sababu moja tu: spuli inazunguka haraka kuliko chambo kinavyovuta uzi. Chambo kikishaondoka, hewa huanza kukipunguza mwendo papo hapo. Spuli haina habari, inaendelea na kasi ileile iliyoondokea. Uzi unaoachiwa unakosa pa kwenda, unafura juu ya spuli, na mizunguko inayofuata inaudaka na kuufunga.

Kwa hiyo chunguza unakorogana wakati gani. Ukiwa ni mwanzoni kabisa, umerusha kwa kukurupuka. Fimbo inapaswa kuongeza kasi taratibu, si kutikiswa kama unafukuza nyoka. Ukiwa ni katikati, mara nyingi una upepo wa mbisho au breki ndogo mno. Ukiwa ni mwishoni, chambo kimeshagonga maji na dole gumba lako, la kuizuia spuli, lilikuwa likizoni. Hilo la mwisho sijaona rili ya kulimaliza, ya bei yoyote.

Halafu angalia ile nati ndogo iliyo upande wa mpini, inayobana ncha za ekseli ya spuli. Ikaze mpaka spuli isicheze kushoto na kulia ukiisukuma kwa kidole, uishie hapo. Wengi wanaigeuza kuwa breki kuu. Inafanya kazi, lakini inabana tangu chambo kinaondoka hadi kinatua, na umbali uliolipia unaliwa wote. Weka nati hapo, breki yenyewe iweke juu, rusha mara kumi, kisha punguza namba moja moja. Siku uzi utakapoanza kuinuka kidogo juu ya spuli bila kufunga, rudi namba moja. Hapo ndipo pako, kwa chambo kile. Ukibadilisha chambo, anza tena.

Breki ya sumaku, ya vipande vinavyorushwa nje, au ya kompyuta? Kila muuzaji ana dini yake.

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, kwa hiyo vuta kiti.

Breki ya vipande, ambayo watengenezaji Shimano wameishikilia kwa miaka mingi na sasa wanaiita SVS Infinity, ina vijiti vidogo vya plastiki kando ya spuli. Spuli ikizunguka, vijiti vinasukumwa nje na kusugua pete. Nguvu ya kusukumwa inapanda kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo maana breki hii ni kali pale mwanzoni spuli inapokimbia kuliko wakati wowote, halafu inayeyuka kadiri kasi inavyoshuka. Chambo kinapata sehemu ya mwisho ya safari bila kizuizi, na anayependa umbali anatabasamu. Lakini sehemu hiyo ya mwisho inakuwa mikononi mwako.

Breki ya sumaku haigusi kitu. Spuli ni ya alumini, na alumini haivutwi na sumaku; lakini ikizunguka mbele ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya alumini hiyo na kuupinga ule mwendo. Sumaku za kawaida zinapinga kwa uwiano wa kasi, kwa hiyo zinaendelea kushika hata mwishoni. Watengenezaji wengine, Daiwa, waliliona hilo wakatengeneza kipande kinachochomoza kutoka kwenye spuli inapokwenda kasi, kikaingia kati ya sumaku, kisha kikarudi kasi inaposhuka. Rili zao zenye herufi SV zinategemea mbinu hiyo pamoja na spuli nyepesi. Matokeo ni rili inayosamehe. Unaweza kutoka kwenye chambo kizito kwenda chepesi bila kugusa kizungusho cha breki, na kukirusha chambo kikaruka ruka juu ya maji kuingia chini ya matawi, kazi ambayo kwa rili nyingine inakula uzi wa wiki nzima.

Ya kompyuta ni DC ya Shimano. Ndani ya rili mna kifaa kinachosoma kasi ya spuli mara 1,000 kwa sekunde na kuamua ni kiasi gani cha kubana. Haina betri, spuli yenyewe ikizunguka inazalisha umeme wa kuendesha kifaa. Na inapiga ule mluzi unaowakera wenzako mtumbwini (mimi naupenda, sitaficha). Curado DC, iliyotoka 2018, ina mipangilio minne unayochagua kwa aina ya uzi na hali ya kurusha. Antares DC ni daraja la juu zaidi, imejengwa kwa ajili ya umbali.

Hukumu yangu? Ukivua usiku au kwenye upepo usiotabirika, DC inalipa kila senti, kwa kuwa huwezi kuusoma uzi usiouona. Ukivua karibu, chini ya miti na kandokando ya vizuizi, chukua Daiwa ya SV. Ukiwa na dole gumba lililofunzwa na unataka chambo kifike mbali, Metanium ya Shimano yenye breki ya vipande bado inanipa raha ambayo kompyuta hainipi. Muuzaji anayekuambia moja ni bora kwa kila kitu anauza alichonacho stoo.

Kati ya Shimano, Daiwa na Abu Garcia, nani baba lao?

Kwa umri, Shimano na Abu ni mapacha: zote zilianzishwa 1921, moja Sakai nchini Japani, nyingine Svängsta nchini Sweden. Wala hazikuanza na uvuvi. Shimano walianza na gia za baiskeli, Abu na saa na mita za teksi. Labda ndiyo maana rili za Abu Ambassadeur, zile za mviringo zilizotamba tangu miaka ya 1950, ukizifungua unaona kama umefungua saa ya mezani. Daiwa ni mdogo wao, wa 1958.

Kwa leo, kwenye daraja la juu ninalolijua mkononi, ni Shimano na Daiwa wanaokimbizana. Abu anabaki mzuri kwa bei yake.

Steez SV TW ya Daiwa ina gramu 160, Metanium ya 2020 ina gramu 175. Nitauhisi utofauti huo baada ya siku nzima?

Gramu 15 ni pungufu ya uzito wa vyambo vingi unavyorusha. Ukifumbiwa macho na rili zote mbili zikiwa kwenye fimbo, nina shaka utajua ipi ni ipi kwa uzito pekee. Utazijua kwa umbo.

Mkono hauchoshwi na uzito kwanza. Unachoshwa na kubana. Rili ndefu kwenda juu inalazimisha vidole kunyooka ili kuizingira, na mkono ulionyooka vidole unabana zaidi ili usiteleze. Baada ya marusho mia tatu, msuli wa ndani wa mkono unawaka. Rili fupi inakaa ndani ya kiganja, dole gumba linafika kwenye spuli bila kujinyoosha, na hapo raha na udhibiti vinakuwa kitu kimoja: dole linalofika kwa shida huchelewa. Kwa hiyo usiipime rili ikiwa peke yake juu ya kaunta. Ifunge kwenye fimbo, ikamate unavyokamata ukivuta uzi, funga macho. Sikiliza kama kuna ukingo unaokukata chini ya kidole cha shahada. Sikiliza kama skrubu ya mguu wa kiti cha rili inakuchoma kiganjani. Halafu bonyeza kitufe cha kuachia spuli mara hamsini, maana siku nzima utakibonyeza mara nyingi zaidi ya hapo.

Angalia pia mpini. Mipini mirefu, ya milimita 100 na kuendelea, inakupa nguvu kwa vyambo vizito lakini inazungusha bega. Mifupi, karibu milimita 80 hadi 90, inazungushwa na kifundo cha mkono tu. Vishikio bapa vya mpira vinanipendeza kuliko vya mviringo, hasa mikono ikiwa na ute wa samaki. Hili ni suala la mdomo na chumvi yake, amua mwenyewe.

Wanaopenda umbo la mviringo kama la Calcutta Conquest ya Shimano watanishukia. Najua. Ile rili ni nzito, ni pana, na ukizungusha mpini wake unahisi kama hakuna gia ndani, ni siagi tupu. Kwa chambo kizito kinachovuta kwa nguvu ningeichagua bila kusita. Kwa marusho mia tano ya siku moja, hapana.

Na mizani unayopaswa kuijali kuliko ya bodi ni ya spuli. Spuli nyepesi inaanza kuzunguka kwa nguvu ndogo na inasimamishika kwa nguvu ndogo. Gramu tano ndani ya spuli zina neno kubwa kuliko gramu kumi na tano kwenye bodi.

Gia ya 6.3 au ya 8.1?

Namba hizo ni mara ambazo spuli inazunguka ukizungusha mpini mara moja. Fanya hesabu uone. Spuli ya kipenyo cha milimita 34 ikiwa imejaa ina mzingo wa karibu sentimita 10.7. Kwa gia ya 6.3, mzunguko mmoja wa mpini unaleta sentimita 67 hivi za uzi, kwa 8.1 unaleta 86. Uzi ukipungua kwenye spuli, na urefu huo unapungua.

Kwa kuvua chini, ambapo unalegeza uzi kisha unaukusanya haraka ukisikia mguso, chukua ya kasi. Kwa chambo chenye ulimi kinachozama na kutetemeka, gia ya kasi itakuchosha mkono kabla ya adhuhuri, maana kila mzunguko una mzigo zaidi. Ukilazimika kuwa na rili moja tu, tafuta iliyo karibu na 7.

Chambo changu kina gramu 4. Beitikasta yangu ya kifahari inakirusha kama inatema mate. Kwa nini?

Kwa sababu gramu 4 zinaombwa kuamsha spuli na uzi wote uliojazwa humo. Hata uzi una uzito wake. Mita 100 za uzi mnene wa fluorokaboni si kitu cha kupuuza. Tatizo si ufahari, ni ukubwa. Kuna rili zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Aldebaran BFS ya Shimano na Alphas Air TW ya Daiwa, hii ya pili ikiwa na spuli ya milimita 28. Spuli zake hazina kina, zinachukua uzi kidogo na mwembamba. Kabla ya kununua, jaribu kwanza kujaza nusu tu ya uzi kwenye uliyonayo. Wengine wanashangaa. Wengine wanaishia kununua. Au tumia rili ya kawaida ya spuli isiyozunguka, hakuna aibu.

Natumia mkono wa kulia. Mpini uwe kushoto au kulia?

Kushoto, ili usihamishe fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine baada ya kila rusho. Kama miaka ishirini umezoea kulia, usijisumbue. Ila amua kabla ya kulipa: beitikasta haihamishwi mpini upande kama rili nyingine.

Navua maji ya chumvi. Nichague bodi ya magnesi au alumini?

Alumini. Magnesi ni nyepesi, na ndiyo inayozipunguzia uzito rili nyingi za juu, lakini rangi ikikwaruzika na chumvi ikaingia, inaliwa haraka. Nililipia somo hilo mwenyewe: niliweka rili ya magnesi kwenye begi ikiwa na maji ya bahari, nikasafiri, nikaikuta baada ya wiki mbili na malengelenge chini ya rangi karibu na mguu wake. Kosa langu, si la aliyeitengeneza.

Ukirudi pwani, kaza dragi (breki inayomwachia samaki uzi anapovuta) ili maji yasipenye kwenye diski zake, suuza kwa maji matamu yanayotiririka polepole, usiipige kwa mpira wenye presha, maana presha inasukuma chumvi ndani. Futa, legeza dragi, iache ikauke kivulini. Tone moja la oili nyepesi kwenye kila beringi ya spuli. Grisi ni ya gia tu. Niliwahi kuipaka kwenye beringi za spuli nikidhani naipenda rili yangu, na kwa mwezi mzima nikalaumu breki.