Jibu kwa mwalimu aliyepangiwa kijiji cha msituni, milima ya Rubeho

Mdogo wangu, umeuliza maisha yakoje huko ulikopangiwa kufundisha, Mpwapwa mkoani Dodoma, upande wa milimani, kijiji kinachopakana na msitu wa hifadhi. Waliotangulia kukujibu wamekwambia Dodoma ni ukame, ubebe ndoo na madumu. Hayo ni ya huku chini. Mimi ni muuguzi, nilikaa zahanati ya kijiji cha namna hiyo miaka minne kuanzia 2013. Jina la kijiji naliacha, maana nitasimulia habari za watu ambao hawajanipa ruhusa.

Kwetu ni Bahi, wilaya nyingine ya Dodoma. Nimekulia kwenye nchi ambayo mvua inaanza Desemba, Aprili imekwisha, na kwa mwaka wa kawaida Dodoma inapata kama milimita 550 au 600 tu. Nilipopangiwa Mpwapwa nikajua nahamia kwa majirani. Tulipopita Kibakwe tukaanza kupanda, mibuyu ikaisha, na saa kumi jioni nikawa natetemeka ndani ya ukungu, nimevaa sendo na kitenge. Rubeho ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita kule Kenya, ikapita Usambara na Uluguru mpaka Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapanda milima hiyo, unapoa, unamwaga maji yake hapo. Ukifika kwetu nyuma ya milima umeshakauka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ukame wa Bahi na msitu ule vimetokana na upepo mmoja.

Msitu wenyewe utaupenda. Miti imeota ndevu za kijani, shina limefunikwa kuvumwani mpaka huoni gome, na asubuhi mbega wanaitana kabla hujawasha moto. Kuna kwale wa Rubeho ambaye hapatikani kwingine duniani, jamaa yake wa karibu yuko Udzungwa. Wazee wa kule wanamjua kwa sauti kuliko kwa macho.

Sasa unyevu. Kuanzia Desemba nguo ikifuliwa inakaa siku tatu haijakauka, tunaanika juu ya mafiga na zote zinanuka moshi. Viatu vyangu vya ngozi viliota ukungu chini ya kitanda. Vyeti vyangu viliingia madoa ambayo hayajatoka hadi leo, kwa hiyo vyako vitie kwenye mfuko wa nailoni na uufunge vizuri. Kuni zimelowa, moshi unajaa jikoni, na watoto wanalala humohumo kwa sababu ndimo kwenye joto. Zahanati yangu ilijaa vifua na vichomi vya watoto kuliko malaria. Malaria tulikuwa nayo, ila mara nyingi ililetwa na waliotoka kuvuna mpunga au vitunguu mabondeni. Kiangazi wanakuja funza. Vaa viatu vya kufunika, na wanafunzi wako wakague vidole bila kuwaaibisha mbele ya wenzao.

Chakula hutakosa. Viazi mviringo, maharage, njegere, kabichi, ndizi. Mahindi yanachelewa kwa baridi, ukipanda mwanzoni mwa mvua unavuna wakati Bahi walishasahau mavuno yao. Mimi nilikosa mlenda na ugali wa uwele, nikawa naagiza unga kwa dereva wa lori. Watu wamechanganyika: Wasagara, Wahehe, Wakaguru, Wagogo. Nilizoea salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", kule mabibi wakanipokea kwa "kamwene" ya Kihehe, na wiki ya kwanza tu nililetewa debe la viazi mlangoni bila kujua nani kaleta. Ukiletewa, usiulize bei. Siku ya msiba au ya kuezeka nyumba ya mtu nenda, kaa, beba maji. Hapo ndipo utakuwa mwalimu wao.

Shida ni barabara, na hapa nisikilize vizuri. Masika lori halipandi. Bodaboda wanafunga mnyororo kwenye tairi la nyuma ili lishike tope, nauli inapanda mara mbili au zaidi, na kuna siku hata wao wanakataa. Mkulima ana magunia ya viazi yanaoza kibarazani, na mfanyabiashara akifanikiwa kufika anajaza lumbesa, yaani gunia la kupita kipimo, kwa bei anayotaka yeye, kwa sababu anajua hakuna mwingine anayekuja nyuma yake.

Februari ya mwaka wangu wa pili, mama mmoja alishikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya. Zahanati yetu haikuwa na uwezo wa upasuaji. Gari la wagonjwa lilikuja mpaka ng'ambo ya mto likaishia hapo, mto umefura. Wanaume walikata mianzi miwili, wakafunga blanketi, wakambeba wanne wanne wakipokezana mabega kwenye utelezi, mimi mbele na tochi. Tulifika mtoni saa tisa usiku, tukangoja mpaka alfajiri maji yapungue. Hakuna aliyeongea. Mama alipona. Mtoto hakupona. Yule mama baadaye alikuwa akiniletea mboga kila Ijumaa, na mimi nilikuwa nashindwa kumtazama usoni.

Baada ya hapo mkutano wa kijiji ulikubaliana kwamba mjamzito akiingia mwezi wa nane wa mimba wakati wa masika ashuke kwa ndugu karibu na kituo cha afya. Wasio na ndugu huko chini walichangiwa pango la chumba. Hilo walilifanya wenyewe.

Julai 2016 tulisikia redioni kwamba Serikali yote inahamia Dodoma. Mzee jirani yangu alinifuata jioni ile ile akaniuliza kama sasa lori litapanda mwezi wa tatu. Alikuwa anauliza kweli, anataka jibu. Sikuwa nalo.

Kuhusu shule: wakati wa kulinda mahindi dhidi ya nyani, na wakati wa kung'oa viazi, madawati yatakuwa matupu. Usianze na fimbo. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mpange zamu, wengi watarudi. Wengine wanatembea saa nzima na zaidi njia ya tope, wanafika wamelowa, kwa hiyo somo la kwanza waache wakae karibu karibu wapate joto.

Na msitu usiuingie kichwakichwa. Mpaka wa hifadhi una alama zake, na kuna familia zenye uchungu nao kwa sababu mashamba ya babu zao yalibaki ndani. Utauziwa mbao kwa bei ya chini sana. Usinunue, utagombana na wahifadhi na utakuwa umemchongea aliyekuuzia. Lakini pia usiwahubirie wanakijiji kuhusu miti. Maji ya mserereko, yanayoteremka yenyewe, wanayokunywa yanatoka humo ndani, wanalijua hilo kuliko sisi. Vijito hivyo vingine vinakwenda Ruaha Mkuu, vingine vinaingia Mkondoa hadi Wami, na vitunguu vya Lumuma vinamwagiliwa kwa maji ya milima hiyo hiyo.

Nunua gambuti, sweta mbili nzito, taa ya sola yenye betri nzuri, na dawa zako binafsi za miezi mitatu. Mtandao unashika juu ya jiwe lililo karibu na kanisa, kama kijiji chako kinafanana na changu, na jioni utakuta foleni. Panda mlimani kabla ya katikati ya Desemba. Ukichelewa, utalala Kibakwe ukisubiri jua siku mbili za mfululizo.