Usafirishaji wa dawa, na msafirishaji ni nani?

Mama mmoja wa Langoni, Lamu, ameniletea sentensi ambayo mwanawe, mwanafunzi wa chuo, alipewa aihakiki kwenye fomu ya watu wanaojitolea kwa utafiti: "Picha za kitabibu zitatumika katika kufanya uchunguzi wa usafirishaji wa dawa na muingiliano wake katika maini ya mshiriki." Anauliza: ni muingiliano au mwingiliano?

Mwingiliano. Ingia, ingilia, ingiliana. Mu- ikikutana na i huwa mwi-, kama mwito na mwisho. Hilo limekwisha.

Kinachoniwasha ni hiyo "kufanya uchunguzi wa usafirishaji wa". Kuchunguza kuna kilema gani hata kusaidiwe na kufanya? Na usafirishaji wa dawa, kwa masikio ya Pwani, ni habari ya jahazi lililokamatwa usiku baharini. Msomaji atamtafuta polisi kabla ya daktari. Ndiyo tabia ya majina haya ya -aji: humficha mtendaji. Nani anasafirisha? Anatoa wapi, anapeleka wapi?

Na mtendaji yupo. Kwenye utando wa chembe za ini kuna protini ambazo ni mahamali hasa: hizi huipokea dawa kutoka kwenye damu zikaiingiza ndani, zile huitoa upande wa pili zikaimimina kwenye nyongo. Watafiti humdunga mtu gadoksetati mshipani, dawa ya kung'arisha picha za MRI, nayo huingizwa na protini hizohizo. Kadiri inavyoingia, ini huzidi kung'aa pichani. Lakini mtu huyo akinywa kwanza rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu, protini za kuingizia huzuiwa na mng'ao hupungua. Kizuizi kimeonekana, na hakuna kipande cha ini kilichokatwa.

Sasa niambie, mama, hapo nani kaingiliana na nani? Kiambishi -an- kinataka watu watendane: wanapigana, wanasalimiana. Rifampisini imeizuia gadoksetati. Gadoksetati haikurudisha hata kofi. Tena rifampisini hiyohiyo ikinywewa siku nyingi hufanya jambo jingine kabisa: hulichochea ini livunje dawa nyingine upesi, zikapungua nguvu. Kuzuia na kuchochea, vyote vimepewa jina moja. Na bibi mtu mzima ukimwambia dawa zake zimeingiliana, ataomba stara kabla ya maelezo.

Maini, kwa njia, ni ya buchani. Mshiriki mmoja ana ini moja.

Mwanao aandike hivi: "Tutalipiga picha ini lako tuone dawa inavyoingia na kutoka, na kama dawa nyingine inaizuia." Atakayelalamika kwamba haina usomi, mwambie aisome ya kwanza kwa sauti mbele ya mgonjwa.

Mwingiliano wenyewe nimechoka kupigana nao, madaktari wameshauzoea. Ubaki kwenye kichwa cha fomu, maadamu sentensi zilizo chini yake zinasema nani kamzuia nani.