Kitulo Julai? Hapana mkuu

Mkuu, umeuliza kama safari ya siku tatu ya kutembea kwa miguu Kitulo, ile hifadhi ya maua ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, inafaa Julai, kwa kuwa ndipo una likizo. Haifai. Julai kule juu ni nyasi kavu na baridi ya kukata masikio. Maua ya Kitulo yanafuata mvua: Desemba yanaanza, Januari hadi Machi ndiyo yenyewe. Utalowa, na tope utalikanyaga.

Nimekwenda mara mbili. Ya kwanza nililipia kampuni moja ya mjini, kila kitu ndani. Kijana aliyetuongoza alikuwa mchangamfu, njia anazijua, wali anaupika vizuri. Ila kila nikimwonyesha ua: "Hiyo okidi." Jamani, pale kuna okidi za ardhini (zinazoota udongoni, si juu ya miti) aina 45! Nikarudi na mapicha yasiyo na majina.

Ya pili nikapanda mwenyewe kutoka Chimala, zile kona 57 (kama gari linakuchefua, kaa mbele), nikafika Matamba, nikalipa kiingilio cha hifadhi na kuomba mwenyeji. Nikapata mzee mmoja wa kabila la Wanji, wenyeji wa huko, ambaye, kabla eneo halijawa hifadhi ya taifa 2005, alikuwa mchimbaji wa viazi vya okidi vya kuuza Zambia, wanakovitwanga na karanga kupika chakula chao kiitwacho chikanda. Huyo sasa! Mahali ambapo mimi naona nyasi tu, yeye anainama, anatenganisha majani kwa fimbo: kaua ka kijani, hakazidi ukucha.

Nikamuuliza, kwani mkichimba si kinaota kingine? Kuchimba ni marufuku, kwa hiyo akachomoa viazi mviringo viwili kwenye mfuko wetu wa chakula, kimoja kimesinyaa, kingine kigumu. "Chini vinakaa viwili hivi. Kizee kinalisha ua la mwaka huu, kichanga ni cha mwakani. Sisi tulibeba kichanga."

Siku nzima hatukufika mbali, na sikujali. Anayekuahidi kilomita ishirini kwa siku anakuuzia mazoezi.

Kabla hujatuma hela, omba kuongea na mwongozaji mwenyewe, si ofisi. Muulize wiki hii kimechanua nini, na upande gani. Akikujibu "vyote vipo", achana naye.

Kama likizo ni Julai tu, nenda Amani, Usambara Mashariki, kwenye bustani ya miti waliyoianzisha Wajerumani 1902. Ule msitu haukauki. Beba soksi ndefu, siafu wa kule hawana mgeni.